Kijiko cha Katapila na Historia Iliyomo Topeni

Kusafisha mto ni kazi njema, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeipinga. Mto uliojaa tope na takataka hupoteza kina chake. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukosa njia, hupanda kingo, na mwishowe huingia majumbani. Wakazi wa Jangwani, jijini Dar es Salaam, hawahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa maana mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makao. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kazi ya kusafisha mto yaweza kuharibu kitu cha thamani hana budi kueleza barabara ni kitu gani hicho, na kinaharibikaje. La sivyo, ataonekana kuwa mtu anayependa vigae kuliko watoto.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mashine huvunja vitu vya kale: mtungi, mtumbwi, msingi wa nyumba, nguzo za gati. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, tena nusu iliyo nyepesi. Mtungi uliovunjika huweza kuungwa kwa gundi na subira. Kisichoweza kuungwa ni mahali ulipokuwa umelala: kina chake, tabaka la udongo lililoufunika, na vitu vilivyokuwa kando yake. Mwanaakiolojia hasomi mtungi peke yake, kama vile msomaji hasomi neno moja lililokatwa kutoka katika kitabu. Kijiko cha katapila kinapochota tope na kulimwaga ukingoni, maneno yote huenda yakabaki salama, lakini sentensi zimekwisha kutoweka.

Mfano ulio bayana umo katika historia ya mto Thames. Daraja la kale la London, lililokamilika mwaka 1209, lilikuwa na nguzo nyingi na nene zilizozuia maji kama ukuta wenye matundu. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1831, lile la zamani likabomolewa, na katika miaka iliyofuata mashine zilizoa changarawe kutoka sakafu ya mto ili vyombo vipate kina cha kupita. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Changarawe ilionekana kuwa changarawe tu. Ikapakiwa katika mashua, ikapelekwa upande wa juu wa mto, ikamwagwa huko Barnes, Hammersmith na Putney ili kuimarisha njia za kando ya maji. Haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kuokota sarafu za Kirumi njiani.

Mfamasia mmoja wa jijini humo, Charles Roach Smith, alizoea kuwafuata wafanyakazi wa mtoni na kununua kwao walivyoviokota. Sarafu zilikuwa kwa maelfu, na kutokana na maelezo aliyoyakusanya alitambua kwamba zilitoka zaidi katika mstari uliokatiza mto karibu na lile daraja la zamani. Kwa ushahidi huo alidai kwamba Warumi nao walikuwa na daraja lao mahali hapo, dai ambalo uchunguzi wa baadaye umeliunga mkono. Mwaka 1834 kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari Hadrian kilipatikana mtoni humo karibu na daraja. Kiwiliwili chake hakijapatikana mpaka leo. Mwaka 1856 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilinunua mkusanyo wa Roach Smith kwa pauni 2,000, na vitu hivyo vingali vinatazamwa na wageni kutoka pande zote za dunia.

Mtu angeweza kuuliza: basi hasara i wapi, ikiwa sarafu zimo katika makumbusho? Hasara imo katika swali moja ambalo limebaki na ubishi tangu siku hizo: zile sarafu zilifikaje mtoni? Yawezekana wasafiri walizitupa moja moja kama sadaka kwa mto kila walipovuka. Yawezekana mashua ilizama na mfuko wa fedha. Yawezekana wajenzi walizizika kwa makusudi kila daraja lilipotengenezwa upya, kama Roach Smith mwenyewe alivyoamini. Kila moja ya habari hizi ingeacha alama yake topeni. Sadaka za wasafiri zingetawanyika katika matabaka mengi, za zamani chini na za karibuni juu. Mfuko uliozama ungeacha rundo moja katika tabaka moja. Sadaka za wajenzi zingekutwa zimebanana kando ya nguzo. Alama hizo zilikuwako asubuhi ile kabla mashine haijaanza kazi. Jioni zilikuwa zimetandazwa njiani huko Putney, na farasi wakipita juu yake.

Wapo watakaosema kwamba watu wa zama zile hawakujua. Lakini katika miaka ya mwanzoni mwa 1840, si mbali sana na London, mto mwingine ulikuwa ukiongezwa kina kwa ajili ya vyombo, nao ni mto Shannon nchini Ireland. Kazi hiyo ilisimamiwa na makamishna waliowekwa na serikali. Wafanyakazi walipofika katika kivuko cha Keelogue, mahali ambapo watu wa kale walivuka kwa miguu, walikuta silaha nyingi. Jambo la kupendeza si silaha zenyewe, bali ni taarifa ya wahandisi. Walieleza kwamba panga na mikuki ya shaba nyeusi ilikuwa katika changarawe ya juu, na kwamba shoka za mawe zilikuwa chini yake kwa kiasi cha futi 1. Vitu hivyo walivikabidhi kwa chuo cha wataalamu cha Dublin, Royal Irish Academy, na mwaka 1857 William Wilde, daktari wa macho na masikio aliyekuwa pia baba wa mwandishi Oscar Wilde, alivitaja pamoja na maelezo yao katika orodha ya makumbusho ya chuo hicho.

Futi 1 ya changarawe huonekana kuwa jambo dogo. Lakini msomaji akumbuke kwamba mwaka 1836 tu Christian Jürgensen Thomsen wa Copenhagen alikuwa amechapisha rai yake kwamba binadamu wa Ulaya alitumia kwanza mawe, kisha shaba nyeusi, kisha chuma. Rai hiyo ilitokana na kupanga vitu kabatini, na wengi waliitilia shaka. Sasa hapa palikuwa na mto uliopanga vitu hivyo wenyewe, mawe chini na shaba juu, bila kusoma kitabu cha mtu. Ni kweli kwamba maji yaendayo kasi huweza kuhamisha vitu, na kwa hiyo ushahidi wa kivuko kimoja hauwezi kutosha peke yake. Hata hivyo, taarifa ile ya wahandisi ilikuwa na thamani kuliko shoka zote zilizotolewa, kwa kuwa shoka za mawe zilikwisha kujaa katika makabati ya Ulaya, ilhali taarifa za namna hiyo zilikuwa adimu.

Tofauti ya mito hii miwili haikuletwa na elimu kubwa wala fedha nyingi. Miaka ni ileile, na wahandisi wa nchi zote mbili walisoma vitabu vilevile. Kwenye mto mmoja palikuwa na watu waliotazamiwa kuandika walichokiona na mahali walipokiona. Kwenye mto wa pili alikuwako mfamasia mmoja, akiokoa alichoweza kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa yafaa kueleza kwa nini tope la mto, ambalo huonekana kuwa kitu duni kuliko vyote, huhifadhi mambo ambayo ardhi kavu haiwezi kuyahifadhi. Mti, kamba, ukindu, ngozi na mbegu huozeshwa na kuvu na bakteria, na wengi wa viumbe hao huhitaji oksijeni. Katika udongo wenye hewa hufanya kazi yao upesi. Lakini tope lililoshiba maji halipitishi hewa. Oksijeni kidogo iliyomo hutumiwa na bakteria wa kwanza, kisha kazi hupungua mno. Wanaobaki ni bakteria wanaoishi bila oksijeni, na baadhi yao hutumia salfeti iliyomo majini na kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni hufanya chuma salfaidi, ambayo ni nyeusi. Ndiyo maana tope la mikokoni huwa jeusi na hunuka. Mpita njia huziba pua, lakini kwa mwanaakiolojia harufu hiyo ni habari njema.

Mti uliokaa topeni kwa karne nyingi hauwi mzima kabisa. Sehemu ya kuta za chembe zake huliwa polepole, na nafasi zilizobaki hujazwa maji. Maji hayo ndiyo yanayoushikilia umbo lake. Ukitolewa na kuachwa juani, maji hutoka, kuta dhaifu huanguka, na ubao hupasuka na kujikunja. Manowari ya Kiswidi iitwayo Vasa, iliyopandishwa kutoka chini ya bandari ya Stockholm mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa ya poliethilini glikoli kwa miaka 17 ili nafasi za maji zijazwe na kitu kisichokauka. Mtumbwi wa kale unaotupwa ukingoni na katapila hupata siku chache tu, halafu hugeuka kuni. Yamkini wako watu waliokwisha kupikia chakula kwa historia bila kujua.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa uwezo huo wa tope haukutoka Ulaya. Umetoka katika mto Kalambo, unaotenganisha Tanzania na Zambia kabla ya maji yake kuingia Ziwa Tanganyika. Juu kidogo ya maporomoko yake mashuhuri, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, J. Desmond Clark alichimba katika miaka ya 1950 na 1960 akakuta vipande vya miti vilivyohifadhiwa katika mchanga uliolowa maji. Katika wakati wake hapakuwa na njia ya kuaminika ya kujua umri wake, kwa sababu kaboni-14, inayotumika sana kupima umri wa vitu vilivyokuwa hai, haifiki mbali zaidi ya miaka kama 50,000 iliyopita. Mwaka 2019 wataalamu waliongozwa na Lawrence Barham kurudi mahali hapo, upande wa Zambia, na mwaka 2023 walitangaza matokeo yao. Magogo mawili yalikutwa yamepishana, moja likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya jingine. Umri wake si chini ya miaka 476,000 hivi, yaani kabla binadamu wa aina ya sasa hajatokea duniani. Ni ujenzi wa miti wa kale kuliko wowote uliopata kujulikana.

Namna umri huo ulivyopatikana ndiyo inayogusa moja kwa moja habari ya kusafisha mito. Haukupimwa mti; ulipimwa mchanga. Chembe za madini kama kwatzi na felspa hupokea mnururisho mdogo wa asili kutoka katika ardhi inayozizunguka, na huhifadhi ndani yake sehemu ya nishati hiyo mwaka hadi mwaka. Mwanga wa jua huondoa akiba hiyo yote. Chembe iliyokuwa juani kisha ikafunikwa na mchanga mwingine huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Maabarani, chembe hizo humulikwa kwa taa maalumu, nazo hutoa mwanga hafifu unaolingana na akiba iliyomo. Kiasi cha mwanga huo kikilinganishwa na kiasi cha mnururisho wa mahali pale, mtaalamu hujua ni muda gani umepita tangu mchanga ulipofunikwa. Ndiyo sababu sampuli huchukuliwa kwa bomba la chuma lililozibwa, jua lisiingie kabisa.

Hebu fikiria kijiko cha katapila kikichota mchanga wa namna hiyo na kuumwaga ukingoni saa 6 mchana. Saa iliyohesabu kwa karne elfu kadhaa inarudi sifuri kwa dakika chache. Magogo yale mawili yangetoka kila moja upande wake. Pengo lililochongwa lingeonekana kuwa jeraha la jino la mashine. Mtu mwangalifu angeweza kuyatazama, kuyagusa, hata kuyapeleka Chuo Kikuu, na bado asingejua chochote: si umri, si kwamba yalipishana, si kwamba mkono wa mtu ulipita hapo. Yangekuwa magogo tu. Uharibifu wa aina hii hauachi vipande vya kusikitikia, na hiyo ndiyo sababu haulalamikiwi.

Huenda msomaji akasema Kalambo iko mbali, porini, ambako hakuna atakayepeleka mashine za kuondoa tope. Basi na ageukie pwani. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanya biashara wa Bahari ya Hindi, kinataja soko la Rhapta katika pwani ya Azania, na kusema kwamba jina hilo lilitokana na mashua zilizoshonwa. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ambacho kilikuwa kikionekana baharini hata mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria, aliandika kwamba Rhapta ilikuwa karibu na mto wenye jina hilohilo, mbali kidogo na bahari. Wataalamu wameitafuta kutoka Pangani hadi Rufiji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amechimba mahali pengi katika pwani hiyo, ametetea eneo la Rufiji. Mji wenyewe haujathibitishwa popote.

Kwa maneno mengine, bandari ya kale kuliko zote zilizotajwa kwa jina katika sehemu hii ya Afrika ilikuwa mtoni, na mpaka leo hakuna ajuaye ni mto gani. Magofu ya mawe kama yale ya Kaole, Kunduchi au Mnarani hujitetea yenyewe kidogo, kwa sababu dereva wa mashine huyaona. Lakini kabla ya mawe watu wa pwani walijenga kwa miti na udongo, walifunga vyombo vyao kwenye mambo, walivua kwa nyuzio za fito, walishona mbao kwa kamba. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kinachoweza kudumu miaka 2,000 katika mchanga mkavu. Kama vipo, vimo katika tope la midomo ya mito, katika kina kilekile ambacho mhandisi huandika kwenye mchoro wake kwamba kitaondolewa.

Hii haina maana kwamba kila mto usimamishiwe kazi hadi Rhapta ipatikane. Hoja ya namna hiyo ingekuwa ya kipuuzi, na ndiyo inayowafanya wahandisi wawakimbie watu wa mambo ya kale wanapowaona wakija. Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na daraja la Selander, unahitaji kupanuliwa na kuongezwa kina, na mradi mkubwa unaosaidiwa na Benki ya Dunia umepangwa kwa ajili hiyo. Mjini Nairobi nako serikali ilianzisha mwaka 2025 mpango mkubwa wa kuirudishia mito yake uhai. Kazi hizi ni za lazima. Lakini zina mpaka ndani yake ambao haufikiriwi vya kutosha, na mpaka huo huweza kuonekana kwa macho.

Mpaka wenyewe ni plastiki. Sehemu kubwa ya tope linaloziba mito ya mijini ni la miongo michache iliyopita, nalo limejaa mifuko, chupa na malapa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017, lakini mifuko ya miaka ya nyuma ingalimo, imepangwa katika matabaka kwa unadhifu ambao ungempendeza hata Thomsen. Tabaka lenye plastiki haliwezi kuwa tabaka la kale lisiloguswa. Likizolewa lote, mchana na usiku, historia haipotezi kitu, isipokuwa historia ya uchafu wenyewe, ambayo imekwisha kujulikana vya kutosha. Hatari huanza pale plastiki inapokwisha, yaani pale mashine inapotoka katika kusafisha na kuingia katika kuchimba: kuongeza kina kuliko mto ulivyokuwa nacho zamani, kunyoosha kona, kupanua kingo. Kazi hizi tatu huandikwa katika mkataba mmoja na kuitwa kwa jina moja la usafi, ilhali kwa ardhi iliyo chini ni mambo tofauti kabisa.

Mito ya Roma ilipitia hali hiyohiyo. Baada ya mafuriko ya Desemba 1870, serikali ya Italia iliamua kuuwekea mto Tiber kingo ndefu za mawe, kazi iliyoanza mwaka 1876. Mwaka 1879, katika kukata ukingo penye bustani ya Farnesina, wafanyakazi waliingia katika nyumba ya Kirumi yenye picha za ukutani zilizo miongoni mwa nzuri kuliko zote. Picha zilibanduliwa zikaokolewa, nazo zimo katika makumbusho ya jiji hilo. Nyumba haikuokolewa. Walikuwa hawasafishi tena mto. Walikuwa wanakata nchi kavu.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 na kumtaka anayevigundua atoe taarifa. Iko pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayodai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Mikataba inayogharimiwa na mabenki ya kimataifa aghalabu huongeza kifungu kuhusu vitu vitakavyopatikana kwa bahati: kazi isimame, wataalamu waitwe. Kifungu hicho ni kizuri kwa fuvu, kwa mtungi mzima, kwa sarafu inayong'aa. Lakini kinamtegemea dereva aliyeketi mita kadhaa juu ya tope, akitazama kijiko chenye ujazo wa kutosha kuficha ng'ombe, huku msimamizi akihesabu safari za malori. Wachimbaji wa Keelogue walikuwa karibu na changarawe yao. Dereva wa leo haonyeshwi chochote, na mti mweusi ndani ya tope jeusi hauonekani hata na mtaalamu. Sheria humwamuru aliyeona aseme. Haijamwamuru mtu yeyote atazame.

Kutazama kwenyewe si ghali, na hapa ndipo hoja ya gharama inapopungua nguvu. Hakuna mhandisi anayepanua mto bila kwanza kutoboa ardhi. Mashimo membamba huchimbwa kando na ndani ya mto ili kujua kama udongo utashikilia kingo na nguzo za madaraja. Udongo unaotoka hupangwa katika masanduku kwa kufuata kina, hupimwa ugumu na unyevu, kisha baada ya muda hutupwa. Masanduku hayo ni kitabu kilichokwisha kufunguliwa. Mwanaakiolojia akikaa nayo kwa siku kadhaa anaweza kusema plastiki inakoma wapi, wapi pana mchanga wa kale wa mto, wapi pana tope jeusi lisilo na hewa, wapi pana makaa, makome yaliyorundikwa na watu, au kigae. Mahali hapo pachache ndipo panapostahili uchunguzi zaidi, kwa vyombo vya mwangwi wa sauti au vya kupimia usumaku, na wakati wa kuchimba pawekwe mtu ukingoni, na mashine iende taratibu kwa siku chache. Kwingine kote ijichotee. Yote haya hufanyika wakati wa kuchora ramani, ambao katika miradi mingi huchukua miaka, wala si wakati wa mvua kubisha hodi.

Yupo pia mtaalamu asiye na mshahara, naye ni mvuvi mzee. Nyavu zake zimenasa mahali fulani kwa miaka 40, na anajua kwamba pale chini pana kitu, ingawa hajui ni mti ulioanguka au ni chombo. Kumuuliza ni kazi ya asubuhi moja. Ni ajabu kwamba tathmini nyingi huwauliza wakazi kuhusu vumbi na kelele, na hazimuulizi huyu nyavu zake hunasa wapi.

Shule za sekondari zilizo karibu na mito zina nafasi yake. Mwalimu wa kemia au biolojia anaweza kuonyesha jambo lote kwa chupa mbili na kipande cha kamba ya makumbi. Nusu ya kamba ifukiwe katika chupa ya tope la mikokoni lililofunikwa maji, na nusu ya pili katika udongo wa bustani wenye unyevu na hewa. Mwishoni mwa mwaka wanafunzi wazitoe, wazilinganishe, kisha waiache ile ya topeni juani na kuichora kila siku kwa wiki moja. Mwalimu wa historia naye, mashine zikiwa jirani, anaweza kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi kwenye ukingo uliokwisha kukatwa na ulio salama, wahesabu matabaka kutoka juu na kupima kwa rula ni sentimita ngapi kabla ya kutokea kipande cha mwisho cha plastiki. Wasichimbe wala kuokota, bali waandike mahali, kina na tarehe. Vipimo vya shule kumi kando ya mto mmoja, vikitiwa katika ramani moja kabla ya masika, vingemwonyesha mhandisi mstari ambao mchoro wake hauna.